Herufi Zilizofutika Siku ya Challa

El Alto, 6 Machi 2025

Kwa duka la mtandaoni la Cumbre Digital, Santa Cruz

Salamu nitaziandika mwisho, kama zitakuwa zimebaki.

Mimi ni Nicolasa Chuquimia. Naunda na kutengeneza kompyuta katika gulio la hapa El Alto, kibanda cha kona kwenye safu ya vifaa vya umeme, kila Alhamisi na Jumapili. Kibanda kilikuwa cha marehemu mama yangu, aliyekuwa akiuza redio. Tarehe 20 Februari nilipokea kutoka kwenu prosesa kumi na mbili. Tangazo lenu lilisema ni mpya, za viini vinane, za daraja la juu. Kwenye kifuniko cha chuma cha kila moja pameandikwa hivyo hivyo, kwa herufi safi kabisa.

Sikuzifungua siku ile. Jumanne ya Challa, siku yetu ya kubariki mali, ilikuwa inakaribia, na mimi kitu kipya sikifungui kabla hakijabarikiwa. Mbili nilimuuzia jirani yangu Hilarión Apaza asubuhi ya Challa yenyewe, zikiwa kwenye maboksi yake, maana naye alitaka kitu kipya cha kubariki kibandani kwake. Kumi zilizobaki nilizitoa, nikazipanga juu ya kitambaa, nikazirushia maua na karatasi za rangi. Nikammwagia Mama Ardhi singani yake, pombe ya zabibu, chini, na nyingine kidogo nikazidondoshea prosesa zenyewe, kwa kuwa ndizo zilizotakiwa kunilisha mwaka huu. Kisha nikazipangusa kwa shali yangu.

Herufi zikahamia kwenye shali.

Nimezitazama kwa kioo cha kukuzia. Chini ya rangi kuna mikwaruzo ya msasa, na pembeni kuna mabaki ya ute mweupe wa kupozea uliopakwa na mtu mwingine, zamani. Nimeiweka moja kwenye bodi nikawasha. Mashine imesema yenyewe: viini viwili, daraja la chini kabisa. Picha nimeambatisha.

Nataka nilichoagiza, na nataka maelezo. Zile salamu hazikubaki.

Nicolasa Chuquimia Tarqui


Santa Cruz, 7 Machi 2025

Mteja wetu mpendwa,

Asante kwa kuichagua Cumbre Digital, mahali ambapo teknolojia inakutana na uaminifu.

Tumepokea malalamiko yako kwa masikitiko. Kwa mujibu wa masharti yetu, bidhaa hurudishwa ndani ya siku saba tangu kupokelewa. Wewe umetuandikia siku ya kumi na nne. Aidha, picha ulizotuma zinaonyesha kwamba bidhaa imemwagiwa kimiminika na alama zake kufutwa na mteja. Bidhaa iliyochezewa haina dhamana.

Tunakutakia siku njema na manunuzi mengine mengi.

Wako kwa tabasamu,
Valeria
Huduma kwa Wateja


El Alto, 10 Machi 2025

Binti Valeria,

Nimeona picha yako hapo chini ya barua, meno yote nje. Uzuri huo ukuozeshe kwa mtu mwema. Sasa tuongee.

Jana Hilarión alikuja kibandani kwangu na zile prosesa mbili. Alikuwa ameziweka kwenye kompyuta za ofisi ya mhasibu, mhasibu akamrudishia mashine zikiwa zinajikokota, akamwita mwizi. Naye akaja kunirudishia hilo jina mimi, mbele ya wateja, mbele ya mama anayeuza supu ya karanga, ambaye akimaliza kusikia jambo gulio zima limeshalisikia. Alisema: "Mamako alimuuzia nani akili yako, Nicolasa? Umechukua takataka ukazipaka poda ukaniuzia mimi niliyekua nawe hapa hapa."

Kisha akaenda kunishtaki kwenye chama chetu cha wauzaji. Chama kina kanuni moja ambayo haijawahi kulegezwa kwa mtu: anayeuza kitu bandia kwa kujua, ananyang'anywa kibanda. Mkutano ni Jumamosi tarehe 12 Aprili. Siku hiyo ama nitaonyesha kwamba uongo ulitoka kwenu ukiwa umeshachapwa, ama nitakunja turubai la mama yangu nirudi nyumbani.

Kwa hiyo fedha zenu kaeni nazo. Nataka barua. Iseme kwamba prosesa hizi zilitoka ghalani kwenu zikiwa na herufi hizo. Iwe na jina kamili la mtu, namba yake ya kitambulisho na sahihi yake, kama tunavyosaini sote nchi hii hata tukimwandikisha mtoto chekechea. "Valeria" peke yake hata mlinzi wa lango la chama hataisoma.

Na hizo siku saba zenu. Hivi huko Santa Cruz hamna Challa? Nani hufungua kitu kipya mwezi wa Februari?

Nicolasa Chuquimia Tarqui


Santa Cruz, 12 Machi 2025

Mteja wetu mpendwa,

Asante kwa kuwasiliana nasi tena. Tunasikitika kwamba jibu letu halikukuridhisha. Kampuni haitoi barua za sampuli unayoomba. Msimamo wetu kuhusu bidhaa iliyochezewa haujabadilika.

Wako kwa tabasamu,
Valeria
Huduma kwa Wateja

Nyongeza: Ulitumia singani, au ile spiriti kali ya nyuzi tisini na sita? Naomba kujua kwa ajili ya kumbukumbu.


El Alto, 13 Machi 2025

Binti Valeria,

Singani. Ile spiriti kali tunawaachia wachimba madini. Lakini kwa nini umeuliza? Msichana wa Santa Cruz angeniuliza singani ni kitu gani na kwa nini mtu mzima anailowesha kompyuta pombe. Wewe umeuliza ya nyuzi ngapi. Ama umeolewa huku juu milimani, ama una mama anayetoka huku.

Kwa kuwa umeuliza, nami nimefanya utafiti. Nimefungua kompyuta yangu mwenyewe, nimeichomoa prosesa yake ambayo naijua tangu ilipotoka boksini, nimeisugua kwa spiriti ya nyuzi tisini na sita mpaka mkono umeniuma. Haikutoka hata nukta. Herufi za kiwandani zimechongwa kwa miale ya leza ndani ya chuma. Hazifutwi na singani, hazifutwi na machozi ya mwenye nazo. Zenu zimetoka kwa matone mawili na shali ya pamba.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba nimezifuta. Kilichofutika hakikuwa cha kiwandani.

Siku thelathini zimebaki. Barua yangu iko wapi?

Nicolasa Chuquimia Tarqui


Santa Cruz, 18 Machi 2025

Mteja wetu mpendwa,

Tuna habari njema! Kwa moyo wa ukarimu, uongozi umeamua kukupatia prosesa kumi na mbili mpya za daraja uliloagiza, pamoja na kipanya cha zawadi chenye taa. Mzigo utatumwa mara tutakapopokea fomu iliyoambatishwa ikiwa na sahihi yako.

Katika fomu hiyo unathibitisha kwamba alama za bidhaa ya awali zilifutwa na wewe mwenyewe katika shughuli za kimila, kwamba kampuni haihusiki kwa namna yoyote, na kwamba hutalizungumzia suala hili hadharani.

Wako kwa tabasamu,
Valeria
Huduma kwa Wateja


El Alto, 19 Machi 2025

Mdogo wangu Basilia,

Wamekupa mapumziko huko Buenos Aires, au bado unakula ukiwa mbele ya cherehani? Huku mvua ya mawe imetoboa turubai sehemu mbili. Nimeziba kwa mfuko wa mbolea, tuko kifahari.

Lile duka la prosesa limenifungulia mlango wa kutokea. Nikitia sahihi kwamba nilizifuta mimi, wananiletea kumi na mbili za kweli. Hilarión nampa mbili, ananyamaza, shauri linaondolewa, kibanda cha mama kinabaki. Nisikufiche, kalamu nimeishika mara mbili.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi ya Challa Hilarión aliniuliza, "Nicolasa, umezikagua hizi?" Nikamjibu, "Moja moja, kwa mkono wangu." Basilia, sikuwa nimefungua hata boksi moja. Nilitaka mauzo ya kwanza ya siku yawe yangu, naye alikuwa amesimama pale ameshatoa noti. Lilinitoka kirahisi kama kusema habari za asubuhi. Sasa akiniita tapeli mbele ya watu mimi napiga kelele kumshinda.

Huyo Valeria wa dukani namwandikia kwa ukali sana. Nadhani nusu ya ukali huo ni wangu mwenyewe.

Niambie la kufanya, halafu nitafanya nitakavyo, kama kawaida.

Dada yako,
Nicolasa


Buenos Aires, 21 Machi 2025

Dada mbishi,

Tia sahihi. Chukua prosesa, chukua na kipanya chenye taa, unitumie mimi.

Unajifanya mtakatifu kwa ajili ya nani? Mama angetia sahihi. Umesahau zile redio zake zilizokuwa zikishika stesheni moja tu? Mtu akilalamika alimwambia, "Hiyo ndiyo stesheni nzuri, nimekuondolea usumbufu." Nao walirudi kununua tena. Watu husahau, Nicolasa. Kibanda kikienda hakirudi. Nitarudi huko siku moja nimechoka na cherehani za watu, nataka nikukute umekaa palepale ninapokuona nikifumba macho.

Nina hofu juu yako. Nimeisema, isome mara moja tu.

Mdogo wako,
Basilia


El Alto, 24 Machi 2025

Binti Valeria,

Fomu yenu nimeisoma mara nne. Nimefungia nayo viazi vikavu, ina karatasi imara.

Sitatia sahihi, na nitakueleza sababu ili uwapelekee hao uongozi. Nikisaini, nitakuwa nimesema kwamba prosesa zilifika nzima na mimi ndiye niliyezivuruga. Hilarión atabaki tapeli aliyemdanganya mhasibu. Wa baada yangu atakayepangusa zake mtamwonyesha karatasi yangu na kumwambia, ona, hata yule mwanamke wa El Alto alikiri. Nitakuwa nimewakopesha jina langu mlipachike juu ya kila boksi. Hilo nimekataa, na kama litanigharimu kibanda basi linigharimu.

Sasa nakuuliza wewe, si uongozi. Siku kumi na tisa zimebaki. Mara tatu umeniandikia na mara zote umenitakia heri kwa tabasamu. Mtu gani hutabasamu mara tatu katika jambo kama hili? Unaitwa nani hasa?

Nicolasa Chuquimia Tarqui


Santa Cruz, 2 Aprili 2025

Bi Nicolasa,

Naandika kutoka anwani yangu, si ya duka. Usijibu kule.

Mimi si Valeria. Valeria hayupo. Tuko watatu tunaolitumia jina hilo kwa zamu, na mmoja wetu ana wajukuu. Picha ya yule msichana ilitoka kwenye tangazo la daktari wa meno. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Oruro. Umekuwa ukiniita binti kwa wiki tatu, na sikupata ujasiri wa kukukatiza.

Kabla sijapewa kazi ya kujibu barua nilikuwa chumba cha nyuma. Huko zinaletwa prosesa zilizochomolewa kwenye kompyuta zilizotupwa, ndoo kwa ndoo. Nilikuwa nazipiga msasa kwa maji, napaka rangi ya fedha, kisha nachapa herufi kwa kibao na wino. Mwenye duka alikuja siku moja akaitazama kazi yangu kwa kioo, akasema nina mkono. Nilifurahi, Bi Nicolasa. Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu nimesifiwa. Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha kuliko zote.

Zako kumi na mbili nilizichapa mimi, mwezi wa Januari. Nilizitambua kwenye picha zako kama watoto wangu, kwa ile tarakimu ya nane iliyoelemea kushoto. Kibao kilikuwa kimelegea skrubu.

Nilipolisoma neno Challa nilicheka peke yangu pale ofisini, kisha sikucheka tena. Mama yangu hubariki mpaka pasi. Mwaka jana nilimwambia mwenye duka kwamba wino huu hauwezi kustahimili pombe. Akanijibu, "Nani huosha prosesa kwa pombe?" Ni mtu wa mabondeni, hakujua. Mimi nilijua, na sikumwambia kwamba nusu ya nchi hufanya hivyo kila Februari au Machi. Sijui kwa nini nilinyamaza. Labda nilikuwa nasubiri mtu kama wewe.

Sasa unaujua ukweli wote. Lakini jina langu usilitumie. Nikiliweka kwenye karatasi, kesho sina kazi, na keshokutwa huenda nikawa na polisi mlangoni. Nimekuambia ili usidhani umerukwa na akili, basi.

Efraín


El Alto, 3 Aprili 2025

Efraín,

Kwanza nilikasirika kiasi cha kuuvunja mpini wa bisibisi. Pili nilicheka kwa yale ya binti. Tatu nilikasirika tena, na sasa ndiyo nakuandikia.

Usidhani umenipa kitu. Umejitua mzigo ukanibebesha mimi. Nikisimama mbele ya chama nikasema, "Kuna mtu aliyekiri, ila sina ruhusa ya kumtaja," hata yule mama wa supu atanizomea. Siri yako inakufaa wewe kulala, mimi hainifai kitu.

Hata hivyo jina lako sitalitaja bila idhini yako. Nimesema, na hili nitalitimiza. Sitakubembeleza pia. Una mke, una njaa ya kesho, unajua mwenyewe uzito wake.

Ila kwa kuwa umeniambia lako la aibu, sikia langu. Hilarión aliponiuliza kama nimezikagua, nilisema ndiyo, moja moja. Nilikuwa sijazigusa. Wewe ulichapa herufi za uongo juu ya chuma, mimi nikazisoma kwa sauti nikaongezea na zangu. Tumefanya kazi moja, wewe na mimi, bila kujuana.

Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikijiandaa kuliruka hilo mkutanoni. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri kabisa. Jana baada ya barua yako nimeyaacha. Tarehe 12 nitasimama, nitasema nilidanganya, kwa jina langu, kisha nitasema mlinidanganya. Kwa mpangilio huo huo. Wakininyang'anya, wananyang'anya mtu aliyesema kweli.

Basi la usiku la mizigo kutoka Santa Cruz hufika kituoni saa nne asubuhi. Ijumaa tarehe 11 nitakwenda kuuliza kama nina kifurushi. Nitauliza mara moja tu, sitakulaumu.

Nicolasa Chuquimia Tarqui


Santa Cruz, 10 Aprili 2025

Bi Nicolasa,

Kilichomo: barua moja yenye kurasa mbili, na kibao chenyewe kimefungwa ndani ya taulo. Nimekitoa chumba cha nyuma leo wakati wa chakula cha mchana, chini ya shati. Nimewaambia naumwa tumbo, nikatoka.

Barua inasema nilichokifanya, tangu lini, na kwa maagizo ya nani. Mke wangu aliisoma kabla sijaifunga. Akanisahihisha tarehe mbili.

Kibao usikipanguse kwa chochote. Wino wa Januari bado umo.

Efraín Condarco Villca
Kitambulisho namba 3509172, Oruro


El Alto, 13 Aprili 2025

Ndugu yangu Efraín,

Kifurushi kilifika kikinuka machungwa ya watu. Nilikaa nacho pale kituoni juu ya gunia la mtu nisiyemjua nikaisoma barua yako yote, mwenye gunia akaniacha.

Sasa mkutano. Mwenyekiti wetu ni Bi Eusebia Yujra, anauza nyaya, na ukimkuta anatabasamu ujue ana jino linauma. Alinipa nafasi nikasimama. Nilianza na langu kama nilivyokuambia. Nikasema, "Hilarión aliniuliza kama nimezikagua. Nilimwambia ndiyo. Nilimdanganya." Hilarión mwenyewe alikuwa amejiandaa kunipinga kila neno na nikamnyima la kupinga.

Kisha nikasoma barua yako, mpaka jina, mpaka namba. Hapo akapata nguvu. "Barua hata mimi naweza kuandika. Oruro kuna Condarco wangapi? Huyu mtu amemtunga kama alivyotunga zile prosesa."

Bi Eusebia aliniomba lile taulo lenye kibao. Alikifungua kibao, akakitemea mate pale penye wino, akakigandamiza juu ya bati la meza. Herufi zikatoka, na ile nane imeelemea kushoto. Akaomba prosesa mbili za Hilarión, akaziweka pembeni. Watu walisimama juu ya viti kuangalia.

Hapo pangetosha, lakini ngoja nikupe tamu. Hilarión alikuwa na mfuko. Baada ya kunifokea mwezi uliopita alikwenda akanunua nyingine nane kumrudishia mhasibu na za akiba, na alizinunua moja kwa moja kwenu, Cumbre Digital, maana aliamini uovu ni wangu na si wa duka. Alizileta zikiwa zimefungwa, ili atuonyeshe prosesa ya halali inavyofanana. Bi Eusebia akasema, "Vizuri. Fungua." Mama wa supu, ambaye si hata mwanachama, akatoa kichupa cha singani kwenye aproni. Matone mawili. Hilarión akapangusa kwa leso yake mwenyewe.

Alikaa chini akaiangalia leso. Hakuna aliyemcheka, Efraín, nami sikumcheka, maana niliijua ile sura. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Na zangu je?" Mwingine akasema, "Ngojeni." Robo saa baadaye nusu ya ukumbi walikuwa wamekimbilia kwenye masanduku yao. Tumepata prosesa sitini na tatu zilizotoa wino, kutoka vibanda kumi na moja. Bi Eusebia amepiga nakala za barua yako na picha za leso, shali na vitambaa vyote, na Jumatatu chama kinapeleka mashtaka kwa mwendesha mashtaka La Paz. Wewe wanakutaka kama shahidi. Wamempata wakili wa chama akae nawe, hilo nimelisimamia mimi.

Kuhusu mimi: nimefungiwa siku mbili za gulio kwa kudanganya. Ni haki, sikukata rufaa. Kibanda ni changu. Leo ni Jumapili na nimekaa nyumbani, naisikia sauti ya gulio kutoka hapa, na Hilarión amenitumia bakuli la supu bila ujumbe wowote.

Upande wa kushoto wa kibanda kuna nafasi ya meza moja. Mama alikuwa akiwekea redio zake zilizoharibika. Mtu mwenye mkono anaweza kusafisha prosesa zilizotumika na kuziuza kwa jina lake halisi: zilizotumika, viini viwili, bado zinafanya kazi. Wanunuzi wapo, tena wengi. Ongea na mke wako, yeye ndiye mwenye tarehe sahihi.

Salamu, na safari hii zimebaki nyingi.

Nicolasa Chuquimia Tarqui
Kitambulisho namba 2700415, La Paz


Santa Cruz, 15 Aprili 2025

Mteja wetu mpendwa,

Asante kwa kuichagua Cumbre Digital. Tumeona kwamba suala lako limefungwa. Je, umeridhika na huduma yetu? Tupe nyota kutoka moja hadi tano, na uingie kwenye droo ya kujishindia kipanya chenye taa.

Wako kwa tabasamu,
Valeria
Huduma kwa Wateja


El Alto, 15 Aprili 2025

Mwanangu uliyekalia kiti hicho leo,

Aliyekuwa hapo kabla yako yuko kwenye basi, anakuja kwangu na mke wake na masanduku matatu. Sitakupa nyota. Nitakupa siku saba za kunijibu, ndiyo masharti yenu.

Unaitwa nani hasa?

Nicolasa Chuquimia Tarqui
Kitambulisho namba 2700415, La Paz